Jinsi ya Kushona Beizi, Joho la Kiangazi la China ya Kale

Karibuni. Leo tunashona beizi, vazi la wazi mbele lililopendwa sana na wanawake wa China enzi ya Song, kati ya mwaka 960 na 1279. Ukiliona utasema ni joho jepesi. Mikono mirefu, urefu kupita magoti, na bado ni nguo ya msimu wa joto! Linapoza kwa sababu haligandi mwilini: nguo inakinga jua, upepo unapita kati yake na ngozi. Ukishona bila kukumbuka hilo, utapata joho la kutokea jasho.

Kitambaa kwanza, maana hapa ndipo wengi wanapoharibu. Wenye uwezo walivaa luo, hariri yenye matundu, ambayo nyuzi zake za mtande (za urefu) zinapishana na kuubana mshindio (uzi wa upana), kwa hiyo matundu hayahami. Mwaka 1975 lilifukuliwa mjini Fuzhou kaburi la Huang Sheng, mwanamke wa tabaka la juu aliyefariki mwaka 1243 akiwa na miaka 17. Mlikuwa na mavazi na vitambaa zaidi ya 300, na kizibao kimoja kina uzito wa gramu 16.7. Shika karatasi tatu za A4 mkononi. Ni karibu uzito huohuo. Watu wa kawaida walivaa nguo za nyuzi za rami, mmea unaotoa kitambaa kikavu kinachokunywa jasho.

Sisi tutatumia hariri nyepesi au melimeli ya pamba, mita 2.5, upana sentimita 115. Shifoni ya poliesta iache dukani; hainywi jasho, inanata mgongoni. Jaribu hivi: weka kitambaa mbele ya mdomo, kiganja nyuma yake, kisha puliza. Usipohisi pumzi kiganjani, tafuta kingine. Pamba iloweke na kuikausha kabla ya kukata, isije ikarudi baada ya kushonwa.

Vipimo hivi, vyote kwa sentimita, ni vya mtu wa kimo cha sentimita 160 hivi. Kata vipande viwili vya mwili, kila kimoja upana 32, urefu 212. Vinakunjwa begani, hakuna mshono wa bega. Kata mikono miwili, 47 kwa 50, na vipande viwili vya ukosi, upana 12, urefu 114.

Unganisha vipande vya mwili katikati ya mgongo, kuanzia pindo hadi mstari wa bega, uishie hapo. Upande wa mbele, punguza sentimita 6 kila ukingo wa katikati, kutoka begani hadi chini. Pale shingoni usiache kona kali. Izungushe kidogo, la sivyo ukosi utajikunja na kusimama vibaya.

Kitambaa chepesi hufumuka ukingoni. Kwa hiyo kila mshono shona mara mbili: kwanza kwa nje, milimita 4 kutoka ukingoni, kisha geuza, shona tena kwa ndani ili ncha zifichike. Tumia sindano nyembamba. Nene inavuta nyuzi na kuacha mistari.

Shona mikono. Sasa angalia hapa, chini ya kwapa. Shona ubavu sentimita 8 tu, kisha acha mpasuo wazi hadi chini. Wengi wanaona aibu wanashona hadi nyonga, na hapo upepo umefungiwa mlango. Malizia ukosi: unganisha vile vipande viwili, kiungo kikae kisogoni, ukunje ubaki na upana wa sentimita 5. Pande mbili za mbele hazikutani, na ndivyo inavyotakiwa. Bitana usiweke.

Ndani huvaliwa kitambaa cha kifuani kinachofungwa kwa tepe mgongoni, suruali pana na sketi ya marinda. Beizi huachwa ining'inie. Ukifunga mkanda kiunoni, umeirudisha nguo kwenye ngozi. Nywele zipandishwe juu ili shingo ipate hewa, na mkononi pepeo la duara la hariri.

Kufua ni maji baridi na sabuni laini, bila kukamua. Pitisha fito kutoka mkono mmoja hadi wa pili, uanike kivulini, na upige pasi ya moto mdogo kabla haijakauka kabisa.