Mbona mwezi wa nne hujapanda mboga?

Haya, ndugu zangu wa Mwisho wa Reli, swali ni lile lile: “Dada, Kigoma tunachuma, wewe huko Minneapolis unatuonyesha trei za udongo dirishani. Uvivu au maringo?” Siringi, wala silalamiki. Ni jalidi, ile baridi ya usiku inayogandisha mimea.

Manyovu, kule milimani Kigoma, kuna baridi, ila haigandishi majani. Huku, usiku wa anga tupu usio na upepo, maji ndani ya jani yanaganda, na jua likitoka jani linalegea kama limechemshwa. Nyumbani tunasubiri mvua. Hapa unaishika tarehe ya jalidi ya mwisho, unahesabu kurudi nyuma.

Tuseme 10 Mei. Saladi naisia ndani 25 Machi, mbegu juu juu tu kwa sababu inataka mwanga, kisha miche inatoka nje 25 Aprili. Lakini kwanza siku 7 hadi 10 za kuizoeza: leo unaiacha nje kwa muda wa saa mbili tu, kesho saa tatu. Ukiruka hapo, inaweza kufa hata bila jalidi. Spinachi ni ngumu. Naisia moja kwa moja shambani katikati ya Aprili, kina cha sentimita moja. Iliyozoea baridi inahimili nyuzi 6 chini ya sifuri, saladi kama 2. Mchicha wetu? Usithubutu kabla ya mwisho wa Mei.

Na tarehe hiyo ni wastani, miaka mingine jalidi inakuja baadaye. Funika jioni kwa khanga kuukuu juu ya vijiti. Ikilala juu ya jani, inaganda nalo. Asubuhi usiliguse jani mpaka liyeyuke lenyewe.

Ukichelewa nako, joto la Juni linaifanya saladi irefushe shina, itoe maua, iwe chungu.

Kinachoniudhi ni kiwanja cha kukodi ninacholimia. Unalipa kodi wakati udongo bado umeganda, na fomu inataka bili yenye jina lako kuonyesha unakoishi, wakati bili ina jina la mwenzako mnayepanga naye. Tuyaache.

Saladi ya vuli, yaani majira ya huku kabla ya baridi kali: tuseme jalidi ya kwanza ni 1 Oktoba, toa siku 50 za kukomaa, toa 14 kwa sababu mchana unafupika: unasia 29 Julai. Udongo ukipita nyuzi 27 mbegu inagoma, kwa hiyo mimi nasia jioni, kivulini, na kumwagilia maji baridi. Hayo ni ya kiwanja changu. Wa mtaa wa pili anaweza kuwa na tarehe nyingine.