Fuawe ya Kwanza: Usinunue Sura

Habari za asubuhi, ndugu zangu. Nianze na aibu yangu.

Fuawe yangu ya kwanza, yaani kile chuma kizito ambacho mhunzi hufulia juu yake, niliinunua kwa sababu ya rangi. Ilikuwa nyekundu, inang'aa, pembe yake imechongoka kama ya kwenye picha. Nikaipakia kwenye bajaji mpaka mtaa wa Gerezani, Dar es Salaam, najiona mhunzi tayari. Wiki ya pili uso wake umejaa mabonde kama barabara ya mtaani baada ya masika. Wiki ya tatu pembe ikakatika, pwaa! Kumbe chuma cha kumimina, kile kinachoyeyushwa na kumwagwa kwenye kalibu. Muuzaji hakusema, na mimi sikuuliza.

Chekeni, lakini mnielewe. Chuma cha kumimina hakipindi, kinakatika. Tena kinameza pigo. Unapiga nyundo, nguvu inapotelea humo badala ya kuingia kwenye kazi yako. Fuawe ya pua ngumu, yaani chuma cha feleji, hukurudishia nyundo juu, na jioni bega litakuambia tofauti.

Basi nendeni sokoni na gololi moja ya beringi mfukoni. Idondoshe juu ya uso wa fuawe kutoka sentimita 25. Ikirudi sentimita 18 au zaidi, anza kuzungumza bei. Ikidunda kidogo na kulala, muage mwenye mali kwa heshima. Jaribu sehemu mbalimbali, maana katikati panaweza kuwa pazima na ukingoni pameshakufa. Mlio usikutawale sana: nyingi nzuri hulia kama kengele, lakini Fisher za Marekani, zenye uso wa pua juu ya mwili wa kumimina, hazilii, na ni nzuri mno.

Ukikutana na ya zamani ya Uingereza, Peter Wright kwa mfano, utaona namba tatu ubavuni. Tuseme 1-2-10. Dalali atakuambia ni namba ya kiwandani. Ni uzito huo! Ya kwanza zidisha kwa 112, ya pili kwa 28, ya tatu iache ilivyo, kisha jumlisha. Unapata ratili 178, kama kilo 81. Sasa nani anamfundisha nani?

Lakini wengi wenu fuawe ya namna hiyo hamtaipata mwezi huu, na mchagua nazi hupata koroma. Wahunzi wa zamani wa nchi hii walifulia jembe juu ya jiwe. Unachohitaji ni pua nzito chini ya nyundo, basi.

Mtaambiwa mtafute kipande cha reli. Kwa kazi kinafaa, hasa kikisimamishwa wima ili urefu wote ukae chini ya pigo. Ila kwetu reli ni mali ya umma. Ukikutwa nayo bila karatasi utajieleza kituoni, na "nataka kufua visu" si maelezo mazuri ya kumpa polisi.

Mimi ningekwenda kwa wauza chuma chakavu nikaulize shafti ya difu ya lori, ile yenye sahani mwisho. Inapimwa kwa kilo kama chakavu kingine. Isimamishe kwenye zege, sahani juu, halafu piga katikati, pale ambapo shina lipo chini. Kimo: simama wima, kunja ngumi, mkono uning'inie, uso wa fuawe ufike kwenye ngumi. Kingo kali ziondoe kwa grenda kabla ya siku ya kwanza, zisije zikakatika na kurukia jicho.

Naam, dada wa nyuma? Anauliza kuhusu majirani, yeye anakaa Tabata, nyumba zimebanana. Kama fuawe yako inalia, izungushie mnyororo kiunoni, kisha bandika sumaku ya spika mbovu chini ya mkia. Mlio unakatika. Utabaki mgongano wa nyundo tu, na huo uishe kabla ya magharibi.