Anga Nyuma ya Galaksi: Kupima Umbo na Mwangaza wa Galaksi Duaradufu

MWANAIDI: Assalamu alaykum, wasikilizaji wetu, na karibuni katika kipindi chetu kinachorekodiwa hapa Chumbageni, Tanga. Masika yakishapita, kundinyota la Mashuke huwa juu sana angani mwetu saa mbili za usiku. Huko ndiko liliko kundi kubwa la galaksi lililo karibu nasi kuliko makundi makubwa mengine, umbali wa takriban miaka ya nuru milioni 54. Leo tunazungumzia galaksi duaradufu, yaani zile zenye umbo la mviringo au la yai zisizo na mikono, za makundi kama hilo. Mwalimu Kombo, kwa nini wapimaji wa galaksi hupenda kuanza na makundi?

KOMBO: Wa alaykumu salaam, dada Mwanaidi. Sababu kubwa ni umbali. Galaksi ikionekana hafifu, huwezi kujua mara moja kama nuru yake ni chache au iko mbali tu. Lakini galaksi za kundi moja ziko karibu umbali uleule kutoka kwetu, kwa hiyo iliyo hafifu zaidi pichani ni hafifu kweli. Tena, ndani ya makundi ndimo zinamopatikana galaksi duaradufu kwa wingi. Mwaka 1980 mwanaastronomia Alan Dressler alionyesha kwamba kadiri galaksi zinavyosongamana, ndivyo fungu la galaksi duaradufu linavyoongezeka, na la zile zenye mikono iliyojisokota linavyopungua.

MWANAIDI: Umbo lenyewe hupimwaje?

KOMBO: Kama vile ramani ya Milima ya Usambara inavyounganisha kwa mistari ya kontua sehemu zenye kimo kimoja, ndivyo tunavyounganisha sehemu za galaksi zenye mwangaza mmoja. Kila mstari hulinganishwa na duaradufu, nasi tukapata kitovu chake, mwelekeo wa mhimili mrefu, na uwiano wa mhimili mfupi kwa ule mrefu. Edwin Hubble alizipanga galaksi hizi kwa kutoa uwiano huo katika 1 na kuzidisha kwa 10: E0 ni ya duara, na E7 ndiyo iliyobapa kuliko zote. M87, iliyomo katika kundi la Mashuke, ni karibu duara, ilhali M59 ya kundi hilohilo huwekwa katika daraja la E5.

MWANAIDI: Hapo nina pingamizi, Mwalimu. Picha ni bapa, na galaksi ina pande tatu. Kitu kilichobapa kikitazamwa kutoka juu yake huonekana duara, kwa hiyo E0 inaweza kuwa tufe kweli, au isiwe.

KOMBO: Pingamizi lako ni sahihi, na ndiyo maana galaksi moja peke yake haitoshi; hukusanywa nyingi, tukauliza ni maumbo gani, yakitazamwa kutoka pande zote, yangetoa mgawanyo tunaouona. Hata hivyo galaksi moja nayo hutoa dalili. Ukitoka kitovuni kwenda nje, wakati mwingine mhimili mrefu hugeuka kidogo kidogo. Kitu chenye mihimili mitatu isiyolingana kinaweza kuonyesha mgeuko huo hata kama chenyewe hakikujipinda, iwapo ubapa wake hubadilika kutoka ndani kwenda nje.

MWANAIDI: Na tusiwaache wasikilizaji wakidhani kwamba ubapa huo unatokana na kuzunguka tu. Vipimo vya Bertola na Capaccioli vya mwaka 1975, na vya Illingworth vya mwaka 1977, vilionyesha kuwa galaksi kadhaa za aina hii huzunguka polepole mno kuweza kubapa kwa sababu hiyo. Kinachozishikilia katika umbo lile ni nyota zake kwenda huku na huko kwa kasi zisizolingana kila upande.

KOMBO: Naam. Baadaye ikaonekana kwamba hata mistari yenyewe si duaradufu kamili. Mingine huelekea kuwa na pembe kama sanduku, mingine huchongoka kwenye ncha za mhimili mrefu kana kwamba ndani yake mna sahani ya nyota. Tofauti hiyo ni ndogo sana, mara nyingi asilimia moja au mbili ya nusu kipenyo, lakini ina uzito: zenye umbo la sanduku kwa kawaida ndizo zinazong'aa zaidi na kuzunguka polepole.

MWANAIDI: Asilimia moja! Basi nuru ya anga lenyewe, iliyochanganyika na ya galaksi pichani, inatuachaje tupime tofauti ndogo hivyo?

KOMBO: Hapo ndipo kazi yote ilipo, dada, na ningependa kila mwanafunzi akae hapo muda mrefu. Hata penye giza kuu anga lina nuru yake, takriban magnitudi 22 kwa kila sekunde ya tao ya mraba. Magnitudi ni kipimo cha mwangaza ambacho namba ikiwa kubwa nuru huwa ndogo, na sekunde ya tao ni sehemu moja ya 3,600 ya digrii. Kingo za galaksi zikifikia magnitudi 27, zina nuru ndogo kuliko anga mara 100. Ukikadiria anga juu kwa asilimia moja, kingo hizo hutoweka kabisa. Ukilikadiria chini kwa kiasi hichohicho, huwa zimeng'aa maradufu. Kosa hilo hubadilisha ukubwa wa galaksi na jumla ya nuru yake, pamoja na mchoro mzima wa jinsi mwangaza unavyoshuka.

MWANAIDI: Mchoro huo ndio ule wa de Vaucouleurs?

KOMBO: Ndiyo. Mwaka 1948 Gérard de Vaucouleurs alionyesha kwamba magnitudi ikichorwa dhidi ya kipeo cha robo (1/4) cha umbali kutoka kitovuni, hutokea karibu mstari mnyoofu. José Luis Sérsic wa Argentina akaipanua kanuni hiyo kwa kuiacha namba 4 ya robo hiyo ibadilike, na leo tunajua kwamba galaksi kubwa huwa na namba kubwa zaidi, maana yake nuru yao huenea mbali sana. Kwa hiyo zile tunazozitamani zaidi ndizo zinazoumizwa zaidi na kosa la anga.

MWANAIDI: Na ndani ya kundi, anga tupu ya kupimia utaipata wapi?

KOMBO: Mara nyingi haipo karibu. Fritz Zwicky alikwisha kuripoti mwaka 1951 nuru iliyotapakaa katikati ya galaksi za kundi la Coma. Katika kundi la Fornax, ambalo huku kwetu huonekana vizuri usiku wa Desemba, NGC 1404 iko karibu na NGC 1399 hata nuru zao zinaingiliana. Hutengenezwa kielelezo cha moja, kikaondolewa pichani, ikapimwa ya pili, kisha hurudiwa ya kwanza, mpaka namba zisibadilike tena.

MWANAIDI: Mwanafunzi wa hapa Tanga aanzie wapi?

KOMBO: Picha za mradi wa Sloan, uliopiga picha sehemu kubwa ya anga, ni za bure kwenye intaneti, na kundi la Coma limo. Lakini ajue kwamba katika matoleo ya awali programu ilikuwa ikiondoa anga kupita kiasi kuzunguka galaksi kubwa, hivyo ikazipunguzia nuru; marekebisho yalitolewa mwaka 2011. Achukue picha za baada ya hapo, aanze na galaksi ndogo za Coma zisizojaza picha, na thamani ya anga aipime mwenyewe katika sehemu kadhaa kabla ya kuchora mstari wowote.