Makaburi ya Vita Dar es Salaam na Kuta za Ukumbusho

Ndugu zangu, shikamooni wakubwa, na asanteni nyote kwa kufika. Wengi wenu mmepita Barabara ya Bagamoyo mkayaona makaburi ya vita kwa nje: majani yamefyekwa, mistari imenyooka. Leo nataka tuingie ndani, tusimame mbele ya kuta za ukumbusho zilizosimamishwa juu ya makaburi ya pamoja.

Makaburi haya yalianzishwa mwaka 1968. Kabla ya hapo askari wa Vita Kuu ya Kwanza, vile Waingereza walivyopigana na Wajerumani hapa kwetu, walilala Ocean Road, karibu na bahari. Ilipotakiwa kupitishwa barabara mpya, makaburi 660 yakahamishwa. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 yakaletwa mengine kama 1,000 kutoka mikoani, kwa kuwa huko utunzaji wake haukuwa na uhakika tena.

Sasa sikilizeni uhamisho wenyewe ulivyokwenda. Aliyekuwa na kaburi lenye jina alihama na jina lake. Lakini pale Ocean Road palikuwa na viwanja vya Waafrika: cha Wakristo, cha Waislamu, na cha wasio Wakristo wala Waislamu. Humo makaburi hayakuwa yamewekewa alama moja moja. Walipofukuliwa, hakuna aliyeweza kusema huyu ni fulani na yule ni fulani. Wakazikwa tena kwa pamoja, na juu ya kila kaburi la pamoja ukasimamishwa ukuta. Hizo ndizo kuta ninazozisema.

Tume ya makaburi ya vita ya Waingereza iliundwa mwaka 1917, na msingi wake ulikuwa mzuri, lazima tukiri. Jemadari na askari wa kawaida wapewe jiwe la aina moja. Maiti wasirudishwe kwao, ili tajiri asipate maziko ambayo maskini hawezi kuyagharamia. Jiwe liwe na namba, cheo, jina, kikosi na tarehe ya kufa, na chini yake familia iruhusiwe kuongeza maneno yake, yasizidi herufi 66. Herufi 66! Zinatosha jina la mama, jina la kijiji na dua fupi.

Msingi huo ulipofika kwetu ukavunjwa. Mwaka 2021 tume yenyewe ilitoa ripoti ikakiri kwamba watu kati ya 45,000 na 54,000, wengi wao Waafrika na Waasia, walikumbukwa kwa namna isiyo sawa na wenzao. Wengine wasiopungua 116,000, na huenda wakafika 350,000, hawakukumbukwa kwa majina, au hawakukumbukwa kabisa. Serikali ya Uingereza iliomba radhi bungeni. Ripoti inamtaja gavana wa Gold Coast, Ghana ya leo, aliyedai mwaka 1923 kwamba Mwafrika wa kawaida asingeelewa wala kuthamini jiwe la kaburi. Watu wanaoosha maiti wao kwa mikono yao, wanaokafini, wanaochimba mwanandani, wanaokesha matangani, waambiwe hawajui thamani ya kaburi! Neno hili limenikaa kooni tangu nilisome.

Na wengi wa hao wa kwetu hawakushika bunduki. Walikuwa wapagazi. Mbung'o waliua farasi, nyumbu na ng'ombe wa jeshi, mzigo ukahamia kichwani kwa binadamu. Kwa upande wa Waingereza peke yao inakadiriwa walikufa wapagazi wapatao 95,000. Risasi iliua wachache. Waliomaliza watu ni kuhara damu, malaria, kichomi na njaa. Mtu aliyelelewa kwa ndizi au wali alipewa unga wa mahindi, akausonga jioni kwa kuni mbichi akiwa hoi, akaula nusu mbichi, na tumbo likamuua. Mwanzoni mwa 1917, Rufiji ilipofurika, wapagazi walipita na mizigo kwenye maji ya kiunoni.

Kikosi chao kiliitwa Carrier Corps. Ndilo neno lililotuachia Kariakoo, mahali walipopigiwa kambi. Tunanunua vitenge na vitunguu pale juu ya jina lao.

Mnamo 1927 ikasimamishwa sanamu ya Askari katikati ya mji. Maandishi yake, kwa Kiingereza na Kiswahili, yanawataja wapagazi kuwa ndio miguu na mikono ya jeshi, na yanaahidi kwamba hata ukifa, wanao watalikumbuka jina lako. Jina lipi? Pale halikuchongwa hata moja.

Msikubali mtu akiwaambia majina hayakuwepo. Wapagazi waliandikishwa kwa namba, wakavishwa vibati, wakafunguliwa madaftari, kwa sababu walikuwa wakilipwa. Baada ya vita palikuwa na mvutano wa miaka juu ya mishahara ya marehemu ambayo haikuchukuliwa. Marehemu anayedai mshahara ana jina, na limeandikwa mahali.

Kwa hiyo nina ombi. Kama kwenu kuna babu aliyekwenda Vita vya Mjerumani asirudi, andikeni jina lake, la baba yake, kijiji, na alikochukuliwa. Waulizeni bibi zenu wiki hii hii, msisubiri likizo. Tukimaliza hapa twende wote hadi kwenye kuta zile, na mwenye jina alitamke pale.