Kabla Hujashika Msasa

Ndugu zangu, sogeeni karibu na meza. Hii ni Benjamin, bunduki ya upepo ya kupampu kwa mkono, ya kiwanda cha St. Louis, Marekani. Tazameni bomba lake. Mnaona rangi tatu: nyeusi kwenye kona, kisha nyeupe kama fedha, na pale mkono uliposhika miaka nenda rudi, manjano ya shaba.

Fundi aliichovya shaba kwenye nikeli, halafu akaifunika kwa nikeli nyeusi. Nyeusi ndiyo hutoka kwanza. Mwenyewe ameniomba niichovye upya. Nimekataa. Madoa haya yanaonyesha mkono uliokamata wapi, na hakuna karakana itakayoweza kuyarudisha.

Hii nyingine ni bunduki ya upepo ya kiwanda cha BSA, Birmingham, Uingereza, ya ule mfumo aliousajili fundi bunduki Lincoln Jeffries mwaka 1904. Weusi wake wenye ubuluu haukupakwa. Ni ngozi ya chuma chenyewe, iliyogeuzwa kwa dawa. Ukitaka kuirudia lazima kwanza ukisugue chuma, na hapo ndipo hasara inapoingia: herufi zilizogongwa zinafifia, kingo zinakuwa butu, matundu ya skrubu yanabonyea kama visahani. Rangi mpya utaipata hata kesho. Kingo hupati tena. Mimi mwenyewe, ujanani, nilikwangua kitako cha mti wa walnati mpaka mbao ikawa chini ya chuma kilichopakana nayo. Kiling'aa sana, na kila nilipokishika niliumia.

Tusichanganye lakini uhifadhi na uzembe. Kutu nyekundu inayokula haiachwi. Tia mafuta mepesi, ngoja, kisha isugue taratibu kwa sarafu ya shaba, kwa kuwa shaba ni laini kuliko chuma na haikwaruzi upesi. Na vya ndani, yaani springi iliyochoka au washa ya ngozi iliyokauka, badilisha bila hofu. Bunduki ilitengenezwa ipige. Ila kile cha zamani kitie kwenye bahasha, umpe mwenye mali.

Mtaniuliza: basi hakuna ya kupakwa upya? Ipo. Ambayo imekwisha kuguswa na mwingine, au kutu imetafuna hadi herufi hazisomeki, hiyo haina ngozi ya asili ya kulinda. Ipake, ila siku ya kuiuza mwambie mnunuzi. Ukinyamaza umemdhulumu.

Ya tatu hii ni Daisy, mtu kaipulizia rangi ya fedha mwili mzima, hadi kitako. Hii nimekubali kuivua rangi hiyo. Nilipofuta kidogo jana usiku, herufi mbili zilijitokeza, kali kabisa. Nipeni kitambaa kile, tuendelee taratibu tuone kama na nyingine zimesalimika.