Jozi moja kwa mlima mzima: namna ya kuzijaribu na kuzichagua ski za theluji ya kila aina

SALMA: Asalaam aleikum wasikilizaji wetu, na karibuni katika kipindi tunachokirekodi hapa Malindi. Mji wetu umeishi na Waitaliano kwa miongo mingi, na kwa sababu hiyo wapo vijana wetu ambao, wakati huku ni kaskazi, wao huwa wako kaskazini mwa Italia wakifanya kazi katika mahoteli na maduka ya milimani, na baadhi yao wameupenda mchezo wa kuteleza kwenye theluji kiasi cha kutaka ski zao wenyewe, yaani zile mbao ndefu za kutelezea zinazofungwa kwenye buti. Swali wanalotuletea ni moja: mtu mwenye uwezo wa kununua jozi moja tu, atakayoitumia asubuhi na jioni, Desemba na Machi, aichague vipi? Kaka Athumani, wewe umefanya kazi ya kukodisha na kunoa ski huko, kwa hiyo nakuachia uanze.

ATHUMANI: Waaleikum salaam, Dada Salma, na salamu kwa wote wanaotusikiliza. Nianze na Sabrina Wanjiku Simader, mzaliwa wa kaunti yetu hii ya Kilifi, aliyehamia Austria akiwa mtoto mdogo na ambaye mwaka 2018 aliiwakilisha Kenya katika Olimpiki ya majira ya baridi huko PyeongChang, Korea Kusini. Namtaja kwa fahari, na pia kwa sababu ski za mashindano kama zake zinatufundisha kwa kinyume: zimetengenezwa kwa ajili ya njia ngumu inayokaribia kuwa barafu, kwa kazi moja tu, na kazi hiyo zinaifanya vizuri kuliko ski nyingine yoyote. Tunazozizungumza leo, ambazo huitwa ski za mlima mzima, zinatakiwa kufanya kazi nyingi, na hakuna inayoweza kuzifanya zote kwa ubora uleule. Anayenunua lazima aamue mapema ni wapi atakubali kupungukiwa.

SALMA: Msikilizaji ambaye hajawahi kuikanyaga theluji atauliza, je, theluji si theluji tu?

ATHUMANI: Tofauti ni kubwa mno, tena inapimika. Theluji iliyoanguka usiku kukiwa na baridi kali na upepo mdogo inaweza kuwa na uzito wa kilo 50 hadi 100 tu kwa mita moja ya ujazo, kwa sababu sehemu yake kubwa ni hewa. Ile ya pista, yaani njia zinazosawazishwa na mashine usiku, hushindiliwa mpaka ikapita kilo 400, na barafu kamili ina kilo 917. Isitoshe, theluji hubadilika siku hiyohiyo. Asubuhi ya mwezi wa Machi pista huwa imeganda na ngumu, kufikia saa tano inalainika juu, na kufikia saa nane watu wameikatakata mpaka imekuwa vichuguu vya theluji nzito yenye maji, huku chini ya kivuli cha miti bado kuna ugumu wa asubuhi. Mtu anashuka mteremko mmoja, na miguu yake inapita juu ya vitu vitatu tofauti.

SALMA: Basi tuingie kwenye ski yenyewe. Kipimo ambacho kila muuzaji hukitaja kwanza ni upana wa kiuno.

ATHUMANI: Ndiyo, ule upana wa sehemu nyembamba zaidi, chini ya buti. Ski za pista huwa na kiuno cha milimita 65 hadi 80 hivi, za mlima mzima huwa kati ya 85 na 100, na zile za theluji ya unga, yaani theluji mpya iliyo laini, hupita 105. Kiuno kipana huielea theluji laini, lakini kwenye theluji ngumu huchelewa kuhama kutoka ukingo mmoja hadi mwingine, na kwa kuwa ukingo unakuwa mbali na mstari wa katikati ya mguu, kifundo na goti hubeba kazi kubwa zaidi ili kuushikilia pale. Kijana anayefanya kazi hotelini siku sita na kupanda mlimani siku ya mapumziko, siku ambayo hakuichagua yeye wala theluji, atakutana na pista ngumu au iliyokatwakatwa mara nyingi zaidi kuliko unga mpya. Huyo mimi namwambia abaki kati ya milimita 85 na 92, hata kama picha za matangazo zinamwonyesha watu waliozama kiunoni katika unga.

SALMA: Hapo nakupinga kidogo. Nimesoma maelezo mengi ya ski, na nimeona kwamba mbili zenye kiuno kilekile cha milimita 90 zinaweza kusemwa kuwa moja ni kali na nzito na nyingine ni nyepesi na yenye kusamehe. Upana peke yake hautoshi kumwongoza mtu.

ATHUMANI: Na mimi sikatai, kwa sababu upana unakuonyesha mtaa tu, haukuonyeshi nyumba. Nyumba unaijua kwa umbo la urefuni na kwa kilichomo ndani. Kwa miaka mingi ski ilikuwa na upinde mmoja: ukiilaza sakafuni, katikati inainuka, ncha na mkia vinagusa. Upinde huo, ukishakanyagwa, unausukuma ukingo wote kwenye theluji, na ndiyo sababu ski hiyo hushika vizuri kwenye ugumu. Kisha akaja Mmarekani Shane McConkey, ambaye aliziangalia ski za kutelezea majini, zile zinazovutwa na boti, akaona kwamba zimepinda kinyume, ncha na mkia vikiwa juu. Alifikia hatua ya kuzivaa hizo za majini na kushuka nazo kwenye theluji ya Alaska, na mwaka 2002 ikatoka ski iliyotokana na fikra hiyo, Volant Spatula.

SALMA: Kwetu sisi wa pwani hilo halihitaji maelezo marefu. Omo ya jahazi hailali sawa na maji, huinuka ili ipande wimbi badala ya kulichoma.

ATHUMANI: Ndivyo hasa. Ule mpindo wa kuinuka kwa mbele huitwa roka, na ski nyingi za mlima mzima za leo zimeunganisha mambo mawili: roka kwenye ncha, upinde wa kawaida chini ya buti, na mkia wenye roka kidogo au usio nayo kabisa. Roka ndefu humsaidia mtu katika theluji laini na katika vichuguu vya mchana, kwa kuwa ncha haizami wala hainaswi, na kona huanza kwa urahisi. Gharama yake ni kwamba, kwenye pista ngumu, ile sehemu ya mbele haigusi chochote, na kwa mwendo wa kasi utaiona ikipigapiga hewani. Mkia nao una neno lake: mkia mgumu usiopinda humaliza kona kwa nguvu na kumtupa mtu mbele, jambo linalompendeza fundi na kumchosha anayejifunza.

SALMA: Na kilichomo ndani?

ATHUMANI: Ndani mara nyingi ni mbao, kwa mfano popla, bichi au ile nyepesi sana iitwayo paulonia, ikifunikwa kwa nyuzi za kioo au za kaboni, na katika ski nyingine huongezwa bati jembamba la aloi ya aluminiamu inayojulikana kwa jina la titanal. Bati hilo huinyamazisha ski. Mtetemo wa theluji ngumu haufiki magotini, na ncha haiyumbishwi na kila kibonge inachokutana nacho. Lakini linaongeza uzito na ukaidi, na mtu mwenye kilo 55 anaweza kukuta kwamba ski iliyosifiwa na majaribio yote haikubali kupinda chini yake, hivyo haikati kona, inakwenda tu.

SALMA: Hilo ningependa tulikazie, kwa sababu naona linawadhuru hasa wanawake na vijana wembamba. Wanaozijaribu ski kwa niaba ya magazeti ni mafundi wenye nguvu, wanaokwenda kwa kasi, na sifa ya uthabiti katika kasi ambayo mimi sitaifikia hainisaidii kitu. Tena ski nyingi zinazouzwa kama za wanawake zina umbo lilelile la zile za wanaume, ila mbao zake ni nyepesi zaidi au bati limepunguzwa, au alama ya kufungia buti imesogezwa mbele kidogo. Mwanamke mzito au mwenye nguvu anaweza kufaidika zaidi na ile nyingine, na mwanamume mwepesi hana sababu ya kuikwepa hii. Kitazamwe kilichomo ndani, rangi iachwe.

ATHUMANI: Umenifikisha kwenye kujaribu, na hapo ndipo nataka tukae. Katika miji mingi ya milimani kuna maduka yanayokodisha ski za majaribio, na mengine hukupunguzia kodi hiyo katika bei ukiamua kununua. Sharti la kwanza ni kwamba buti ziwe zako, zilezile siku nzima, kwa sababu buti iliyolegea hulifanya kila jaribio kuwa la uongo. La pili ni kuuliza kuhusu unoaji kabla hujatoka dukani. Kingo za chuma zinapokuwa butu, hata ski bora itateleza kando kwenye pista ngumu, na tumbo la ski lisipokuwa bapa, yaani kingo zikiwa zimesimama juu kuliko katikati, ski itakamata hovyo na utadhani ni kali kumbe imenolewa vibaya. Anayelinganisha ski iliyonolewa jana usiku na nyingine iliyokodishwa wiki nzima bila kuguswa amejaribu ustadi wa fundi wa tupa, hajajaribu ski. Pitisha ukucha kwenye ukingo, ukichukua unga mwembamba wa ukucha ujue una makali.

SALMA: Na mlimani kwenyewe?

ATHUMANI: Chagua mteremko mmoja, urudie huohuo kwa kila jozi, na mteremko huo uwe na sehemu mbaya. Kosa ninaloliona sana ni watu kuzijaribu ski saa tatu asubuhi kwenye pista laini iliyotoka kusawazishwa, mahali ambapo karibu ski zote ni nzuri, kisha kununua ile iliyowafurahisha zaidi. Kushuka kwa kwanza usikuhukumu, kwa maana mwili bado unaikumbuka jozi iliyotangulia. Kushuka kwa pili nenda polepole, ukate kona fupi, usikilize kama ski inaanza kona unapoielekeza au inasubiri usukume. Kushuka kwa tatu nenda kwa kasi yako ya kawaida, isiwe ya kujionyesha, kisha utoke kwenye njia laini uingie penye vichuguu, na uangalie jambo moja ambalo kwangu ni kubwa kuliko mengine yote: theluji inapobadilika katikati ya kona, kutoka laini kwenda ngumu au ngumu kwenda nzito, ski inafanya nini? Kuna zinazoendelea na kona zikikupa muda wa kujirekebisha, na kuna zinazoponyoka au kunasa ghafla. Ski ya mlima mzima, kwa maoni yangu, hupimwa hapo kwenye mpaka kati ya theluji mbili. Irudie saa nane mchana, miguu ikiwa imechoka, maana ndiyo saa utakayoihitaji isikusaliti.

SALMA: Urefu je? Wengi huambiwa ifike kidevuni.

ATHUMANI: Kati ya kidevu na utosi ni pa kuanzia, ila ski yenye roka ndefu hutumia ukingo mfupi kuliko urefu wake, kwa hiyo mtu anaweza kuongeza sentimita tano bila kulemewa nayo. Mwepesi na anayejifunza apunguze, mzito na mwenye kasi aongeze. Tazama pia nusu kipenyo cha kona kilichoandikwa kwenye ski: mita 14 au 15 hupenda kona fupi, 18 hadi 20 hutaka nafasi na mwendo.

SALMA: Tumalizie na vifungio, kwa kuwa wapo wanaonunua ski za mitumba zikiwa na vifungio vya mtu mwingine.

ATHUMANI: Hapo sina ulegevu hata kidogo. Kifungio kinatakiwa kuiachia buti kabla mfupa haujavunjika, na kiwango cha kuachia hupangwa kwa uzito, urefu, umri, urefu wa soli ya buti na aina ya mchezaji, kwa mujibu wa kanuni ya kimataifa ISO 11088. Namba iliyowekwa kwa ajili ya mtu wa kilo 90 ni hatari kwako wewe wa kilo 60, hata kama buti imeingia sawasawa. Soli nazo si za aina moja, na kifungio cha zamani huenda kisizikubali buti mpya za GripWalk, zile zenye soli iliyopinda kidogo ili kurahisisha kutembea. Breki, zile nyaya mbili zinazoshuka kuizuia ski isikimbie mtelemko inapofunguka, ziwe pana kuliko kiuno kwa milimita chache tu: zikiwa nyembamba hazishuki, zikizidi zinakwaruza theluji unapolalia ukingo. Pelekeni ski, buti na uzito wenu wa kweli kwa fundi mwenye mashine ya kupimia, na msiondoke hapo kabla hajaifungua buti mbele yenu, kwa ncha na kwa kisigino.