Ufagio wa Trigger: kipindi cha vichekesho huchuja lini?

Wazee wangu, shikamooni. Wa rika langu, habari za jioni. Ninyi wa nyuma kule mnaochelewa kuzima simu, nimewaona.

Swali nililopewa ni hili: kipindi cha vichekesho kikikaa hewani miaka na miaka, ni lazima kichuje? Wenzangu waliotangulia wamejibu ndiyo, na wakatoa mifano saba. Mimi nina mmoja tu, Only Fools and Horses ya BBC, na nitaung'ang'ania mpaka muda wangu uishe.

Kwa asiyekijua. Kilianza Septemba 1981, kikafunga Krismasi ya 2003, jumla sehemu 64, zote zimetoka kwenye kalamu ya mtu mmoja, John Sullivan, mtoto wa kusini mwa London. Derek Trotter, maarufu Del Boy, anaishi Peckham, mtaa wa huko huko kusini mwa London, na mdogo wake Rodney, katika ghorofa ya halmashauri iitwayo Nelson Mandela House. Mama alikufa, baba akatoroka, Del akamlea mdogo wake. Kazi yake? Hapa sihitaji kueleza sana, maana Del ni mmachinga. Anafungua sanduku kando ya barabara, jicho moja kwa mteja, jingine kwa askari. Ana kigari cha njano cha magurudumu matatu (msikichanganye na bajaji, hiki kina bodi yenye milango) na ubavuni kimeandikwa majina ya miji ambako kampuni yake ina matawi: New York, Paris, Peckham. Na kila dili likimwangukia, anamwambia Rodney yale yale: mwakani kama leo tutakuwa mamilionea.

Mshikeni hapo. Tutamrudia.

Msimu wa kwanza haukuwa moto. Watazamaji walikuwa wachache, na kama wakubwa wangekuwa na haraka, tusingekuwa tunazungumza leo. Kilikolea polepole, marudio yakakibeba. Kwa hiyo anayesema vichekesho huanza vitamu na kuishia vichungu, hapa tayari ameshakwama.

Halafu kikapata pigo. Desemba 1984, msimu wa nne ukiwa unarekodiwa, akafa Lennard Pearce, mzee aliyecheza kama Babu, mtu wa tatu katika ile nyumba. Ungefanya nini? Wengi wetu tungemsafirisha Babu kwenda kwa binamu yake, tukanyamaza. Sullivan hakumsafirisha, wala hakutafuta mzee mwingine wa kukaa kwenye kiti chake. Aliandika mazishi.

Nataka niwaonyeshe dakika moja ya mazishi yale. Jeneza limeshuka. Hakuna utani, na kicheko cha watazamaji hakisikiki. Ndugu wawili wamesimama, na kofia ya Babu imetupwa kaburini imfuate mwenyewe. Unaanza kuhisi koo linakaza. Watu wanatawanyika, wachimba kaburi wanaanza kufukia udongo, na kasisi anaangaza huku na huku: jamani, kuna aliyeiona kofia yangu? Del anamtazama Rodney. Rodney anamtazama Del. Koleo linaendelea kufukia.

Ukiweza kuandika dakika hiyo katika mwaka wa nne wa kipindi, hujachuja. Ndiyo kwanza unajua watu wako ni akina nani. Katika sehemu hiyo hiyo akaingia Mjomba Albert, baharia mwenye ndevu na hadithi zisizoisha za vita, na baada ya muda mfupi tulimzoea kama tuliyezaliwa naye.

Mwaka 1989 sehemu zikarefushwa kutoka nusu saa mpaka dakika 50, kwa sababu Sullivan alikuwa anaandika mengi kuliko nafasi, na mambo mazuri yalikuwa yanakatwa. Kawaida kurefusha ni dalili mbaya. Mchuzi ukiongezwa maji tunajua ladha inakwenda wapi. Lakini katika sehemu ya kwanza kabisa ya huo urefu mpya ndimo mlimo anguko la baa.

Del ameanza kuvaa kama vijana wenye hela wa mjini, koti refu, glasi mkononi. Yuko baa na rafiki yake Trigger, mfagiaji wa barabara, mtu ambaye akili yake hufika kituoni baada ya basi kuondoka. Del ameegemea kaunta, wasichana wako pale pembeni. Anageuka, mhudumu anainua kile kibao cha kupitia na kutoka. Del anamwambia Trigger atulie, asiharibu, na huku anasema hivyo anarudi kuegemea mahali palipokuwa na kaunta. Anaanguka wima, kama gogo, bila kukunja goti wala kunyosha mkono. Ametoweka kwenye picha. Kisha Trigger anageuka, haoni mtu, anaangalia mlangoni.

(Kicheko ukumbini.) Mnaona, sijawaonyesha hata video.

Waandishi, hesabuni hapo. Kuanguka kunachukua sekunde mbili. Kinachotuua ni miaka saba iliyotangulia, miaka ambayo tumemwona Del akijitutumua kuwa mtu fulani. Mgeni akiona anguko lile atacheka mtu ameanguka. Aliyekuwa nao tangu 1981 anacheka kwa sababu ni Del ndiye ameanguka.

Miaka iliyofuata Rodney akaoa, Del akapata Raquel, na mwaka 1991 mtoto wao Damien akazaliwa. Mtu wa kukaza kamba angesema umeshavunja chombo, hawa walipaswa kubaki makapera wawili na mzee. Lakini walikuwa bado wanahangaika. Kodi ya nyumba bado, dili bado, ndoto bado.

Krismasi ya 1996 ndipo Trigger alipopewa nishani na halmashauri kwa kutunza ufagio mmoja miaka 20. Anajisifu mgahawani: ufagio huu umebadilishwa kichwa mara 17 na mpini mara 14. Jamaa anamuuliza, sasa unakuwaje ufagio ule ule? Trigger anatoa picha aliyopigwa akiwa nao. Ushahidi gani tena mnataka?

Tunacheka, lakini Trigger ana hoja. Babu aliondoka, Albert akaingia, urefu ukabadilika, wanawake wakaja, na kipindi kilikuwa kile kile, kwa sababu barabara ya kufagia ilikuwepo. Barabara yenyewe ni ule umaskini wenye matumaini.

Siku nne baadaye, tarehe 29 Desemba, wakaifagia mpaka mwisho. Watazamaji milioni 24.3, yaani Waingereza zaidi ya wawili katika kila watano, walikaa kuangalia saa ya kale iliyokuwa imelala miaka yote kwenye gereji yao ikipigwa mnada kwa pauni milioni 6.2. Mwakani kama leo ikawa leo. Na ndani ya sehemu hiyo hiyo kuna tukio la ndugu wawili ndani ya lifti iliyokwama, Rodney akishindwa kusema neno juu ya mimba ambayo mke wake imemtoka, na Del ndiye aliyeikwamisha lifti makusudi ili aseme. Sijaona mwandishi wa vichekesho akifika mbali kuliko hapo.

Mwaka 2001 wakarudi. Fedha zimeyeyuka kwenye uwekezaji, wako Peckham tena. Buster Merryfield, aliyekuwa Albert, alikuwa ameshafariki, na Kenneth MacDonald, aliyekuwa mwenye baa, naye pia. Watazamaji walizidi milioni 20, kwa hiyo msiniletee hesabu za watazamaji. Hata matangani watu hujaa. Waigizaji waliobaki walikuwa wale wale, mwandishi yule yule, na baadhi ya maneno yalikuwa makali kama zamani. Lakini Del aliposema mwakani tutakuwa mamilionea, nilijua walikwisha kuwa, na walivyokuwa. Sehemu ya mwisho kabisa, ya 2003, iliponigusa ni pale tu walipoacha habari za fedha, Rodney akauliza kama anafanana na mwizi aliyegundua ndiye baba yake mzazi, na Del akamwambia hapana.

Kaka mmoja ameniuliza wakati wa chai: ungekuwa wewe Sullivan, ungeikataa ile kazi ya 2001? Nimemjibu ningeikataa. Kisha nikakumbuka kwamba Sullivan mwenyewe alikuwa ameshaandika jibu, kwenye ile sehemu ya 1996. Del ni milionea, ana nyumba kubwa, ana kila kitu. Anaondoka kimya kimya, anarudi kwenye flati tupu Peckham, anatembea sebuleni peke yake. Simu inalia. Kuna mtu ana mzigo wa kuuza. Na Del, mwenye mamilioni benki, anaanza kupatana bei.